Kushoto Hakuna Wanyama

Nyumbani, 4 Februari

Mwanangu Kiroboto,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia. Sisi hatujambo. Baba yako naye hajambo, ila anagombana na mwenye nyumba wake kuhusu mlango wa choo, na kila Jumapili huja kunisimulia ugomvi huo tangu mwanzo, utadhani Jumapili iliyopita sikuwepo. Jirani yangu, yule fundi cherehani wa mlango wa pili, anakusalimu na anauliza kama siku hizi unaweza kukaa kwenye kiti. Nimemwambia jina la Kiroboto hukupewa bure.

Najua utasema, shangazi, si unipigie simu tu. Simu ni ya salamu. Nimefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika jumba la makumbusho, na pale jambo la kazi liliandikwa, likatiwa tarehe, likapelekwa. Hili ni jambo la kazi. Nawe ukinijibu, andika kwa mkono wako. Barua ya mashine sina hakika nani ameiandika.

Ile kompyuta uliyoniachia inafanya kazi. Tangu nistaafu, nakwambia kweli, sijui pa kuiweka mikono. Nafagia, nakaa, nasimama, nafagia tena palepale. Sasa nimeiweka kwenye kipanya. Kila siku naingia katika ule mchezo wenu wa uwindaji, kwenye ile ramani ya zamani mnayoiita Bonde la Kale. Kupiga sijapiga hata digidigi. Natembea na bunduki yenu begani, natazama.

Kiroboto, wanyama wenu nani aliwafundisha? Kuro hana ile pete nyeupe matakoni, na kuro bila pete ni mbuzi mkubwa tu. Ngiri akikimbia mkia husimama wima. Wa kwenu anauburura. Twiga anakunywa maji amesimama wima, shingo imerefuka kama mpira wa kumwagilia bustani! Hawezi. Lazima atanue miguu ya mbele kwanza, na mimi nimewatanua wawili kwa mikono hii, na nyundo. Akitembea, miguu ya upande mmoja huenda pamoja, ninyi mmempa mwendo wa punda. Vichuguu vyote ni kimoja, hata ufa uko palepale. Mto una maji ya buluu. Mto gani huo, wa sabuni ya kufulia? Na ndege wako wapi? Nyati mzima anakaaje porini bila yangeyange hata mmoja mgongoni?

Kubwa kuliko yote ni kuro anapoinuka. Anaanza na miguu ya mbele. Kuro huinuka nyuma kwanza, kama ng'ombe. Mifupa yake haimruhusu vingine.

Usicheke. Nitakwambia kitu ambacho hata baba yako hakijui. Wanyama mia mbili na kitu wamepita mikononi mwangu. Nimewajaza, nimewashona, nimewatia macho ya kioo, na sijawahi kumwona hata mmoja akitembea. Kwangu walikuja wamekufa. Kila mwaka tuliahidiwa safari ya kwenda kuwaona porini, na kila mwaka gari lilijaa wakubwa. Ya televisheni usinitajie, pale anayechagua pa kutazama ni mwenye kamera. Katika ramani yenu ndipo nilipomwona kuro akiinuka mara ya kwanza nikiwa nimeenda mwenyewe mpaka alipolala. Aliinuka vibaya, nikalia. Sasa nataka nimwone akiinuka vizuri. Naye twiga nataka nimwone akitembea kama twiga. Sina ombi lingine duniani, na usiseme shangazi ana mambo ya kitoto.

Nimekuchorea wanyama kumi na wawili kwenye karatasi nne, kila mmoja na viungo vyake.

Shangazi yako.


Kazini, 27 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na kitanda nimekihamisha mara tatu mwezi huu nikitafuta upande wenye hewa. Mpe baba pole ya mlango wa choo. Mwambie fundi kwamba barua hii naiandika nimekaa, ingawa ni kwenye ngazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikaipeleka kazini. Hujapaona kazini kwetu, kwa hiyo ngoja nikueleze. Tuko sita katika chumba kimoja ghorofa ya tatu, meza zimebanana, nyaya zinatutega miguuni, na feni ni moja ambayo kila apitaye huigeuzia kwake. Msimamizi wetu tunamwita Bwana Lini, maana hilo ndilo swali lake pekee. Meza inayopakana na yangu ni ya dada anayechora nyasi, miti na maji, tunamwita Bi Majani. Ramani ya Bonde la Kale ina miaka tisa. Aliyeitengeneza aliacha kazi zamani, nayo imebaki yatima.

Niliomba dakika tano kwenye kikao nikasoma barua yako kwa sauti. Kwenye mto wa sabuni ya kufulia walicheka wote isipokuwa Bi Majani, kwa sababu maji yale aliyachora yeye mwaka wake wa kwanza. Michoro haikuchekwa. Bwana Lini aliushika ule wa twiga, akauinamia, akasema, "Huyu mama amejuaje haya?"

Nikamwambia, "Amewajaza."

"Amewajaza nini?"

"Pamba na waya."

Akaurudisha mezani taratibu, akauliza, "Mnaweza kumaliza lini?" Nikasema Mei. Sijui nilitoa wapi Mei. Mdomo ulitangulia.

Basi shangazi, ni Mei. Bonde zima linatengenezwa upya na mimi ndiye nimepewa. Pete ya kuro nimeshaitia leo asubuhi. Niletee yote unayoyaona, usibakishe hata moja. Bi Majani anaomba umweleze maji yawe rangi gani, na anasema hajakasirika, ila sauti yake ilikuwa na kasoro.

Jioni siku hizi nashindwa hata kula, nazunguka chumbani nikiwaza mifupa ya twiga. Umeniambukiza.

Mwanao,
Kiroboto


Nyumbani, 30 Machi

Mwanangu,

Tuko salama. Baba yako ameshinda kesi ya mlango, na sasa hana la kusema, anakaa tu ananitazama. Fundi cherehani amepata zabuni ya sare za shule, mashine yake inanguruma kutwa. Zamani ingeniudhi. Sasa naona afadhali kuwe na kitu kinachokimbia, maana mimi mwenyewe situlii. Natoka, narudi, nasahau nilichotokea.

Mwambie Bi Majani maji yawe rangi ya chai ya maziwa iliyokaa. Tena mwambie nyasi azipunguze urefu, na zisiwe kijani chote kimoja. Zikaukie juu, ziwe njano, ili mnyama aonekane anapoanzia na anapoishia. Yangeyange wawe weupe kabisa. Njia kuu inayokata bonde katikati iwe nyeupe zaidi, naipoteza.

Sasa jambo la maana. Nimeifuata njia hiyo kutoka kambini mpaka kwenye maporomoko, kila siku, wiki mbili. Kulia wapo tele: pundamilia, nyumbu, ngiri na mkia wake wa kuburura. Kushoto hakuna. Hakuna, Kiroboto! Uwanja mtupu. Mtu aliyeitengeneza ramani hii alichoka katikati ya kazi. Tia wanyama kushoto.

Safari hii sikuchora. Penseli zangu zimekuwa butu na kichongeo sikipati.

Nilikwenda kwa daktari wa macho tarehe kumi na mbili, kwa ajili ya miwani tu. Akanimulika, akaninyooshea kidole huku na huku, akaita mwenzake, akasema ni presha ya macho na kwamba kuna upasuaji. Tena alitaka mapema, tarehe sita Aprili, utadhani kuna basi litatuacha. Nimemwambia nitarudi ramani ikitoka. Mei si mbali. Kisu kikiingia jichoni hujui kitatoka na nini, na mimi kuna kitu nataka kukiona kwanza. Usimwambie baba yako, atapata la kusimulia mwaka mzima. Na wewe usiniulize kwenye simu, nitakata.

Shangazi yako.


Kazini, 19 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mwambie baba hongera ya mlango, mpe na fundi pole ya sare.

Huku kuna mabadiliko kidogo. Meza yangu wameihamishia karibu na ngazi, kila anayepanda ananigonga kiwiko. Bwana Lini siku hizi akinikuta kwenye korido anasoma matangazo ya ukutani, na matangazo yale ni ya mwaka juzi. Lakini usijali, hayo ni mambo ya ofisi.

Kushoto nimekutilia wanyama arobaini. Nilipofungua orodha, kompyuta iliniambia upande ule wapo tayari, idadi ileile ya upande wa pili. Nikakaa nikaitazama orodha, nikasema hapana, shangazi hakosei. Mtu aliyekaa na wanyama miaka thelathini na mmoja nitambishia kwa orodha? Nikatia kuro, nyati, pundamilia, mpaka wale wanaotujaribia mchezo wakaniuliza kama kushoto kuna harusi. Nikawaambia ninyi hamjui kitu.

Ila tarehe imesogea. Haitakuwa Mei, ni Julai. Twiga amenishinda, kila nikirekebisha mguu shingo inakwenda upande. Julai atakuwa anatembea kama ulivyosema. Kabla ya hapo nitakutumia kipande cha majaribio kwenye flashi, uone kuro na ndege.

Huyo daktari amesema nini hasa? Si miwani tu? Kama amesema mapema, labda ungekwenda. Lakini wewe ndiye unayejijua.

Sina zaidi. Ninaandika haraka, kuna mtu anataka kupita.

Kiroboto


Nyumbani, 24 Mei

Kiroboto,

Salamu nyingi, hatujambo, baba yako hajambo, fundi hajambo. Tafadhali andika kwa herufi kubwa. Mwandiko wako umekuwa wa sisimizi, na fundi ndiye aliyenisomea nusu ya pili, nami sipendi fundi ajue kwamba twiga amekushinda.

Miwani. Ndiyo, ni miwani tu. Tuyaache.

Flashi imefika. Kuro anainuka nyuma kwanza. Nimemwendea alipolala mara kumi na moja ili nimwone akiinuka mara kumi na moja, na nimekaa karibu na kioo mpaka pua imegusa. Vile anavyosita magotini kabla ya kusimama, nani alikwambia? Hilo sikulichora. Mwanangu, nilikuwa sahihi. Miaka yote ile nilikuwa sahihi, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Nilimwita fundi aje aone, akasema, "Mbona ni kama ng'ombe," nikamfukuza.

Sasa tugombane. Umenidanganya. Umesema umetia arobaini kushoto, na hujatia hata mmoja! Nimekwenda kutoka kambini mpaka maporomoko, kushoto tupu. Nikasema labda sijafika walipo, nikageuka nikarudi njia ileile mpaka kambini, kushoto tupu vilevile. Ninakwenda tupu, ninarudi tupu. Tena kuna nyati ananitokea hewani ananiua. Mara tatu ameniua na sijamwona anatoka wapi. Hiyo nayo ni kasoro, mnyama mzito namna ile hawezi kutokea tu, lazima aonekane akija.

Kama kazi imekuzidi, sema. Mimi si Bwana Lini. Lakini usiniambie umefanya na hujafanya, nimekulea mwenyewe tangu darasa la tatu na uongo hatukuwa nao nyumbani.

Nangoja twiga. Daktari ametuma ujumbe tena, nimemjibu Julai.

Shangazi.


Kazini, 3 Juni

SHANGAZI YANGU,

Ninaandika kwa herufi kubwa kama ulivyoagiza. Kama huwezi kuisoma, mpe fundi, asome yote, hata yale ya kuniaibisha.

Barua yako ilinikasirisha. Wanyama arobaini nimewatia kwa mkono, mmoja mmoja! Nikampa Bi Majani aisome ili aone ninavyoonewa. Akasoma, akacheka, akarudia mstari mmoja, akaacha kucheka. Akaniuliza, "Akienda, kushoto kwake ni upande wa uwandani, sivyo?" Nikasema ndiyo. "Akigeuka kurudi, kushoto kwake ni wapi?" Nikasema ni upande wa vichaka, ule uliokuwa kulia kwake akienda. "Na upande wa vichaka mwezi wa tatu alisema nini?" Nikasema alisema wapo tele. Aliweka kiganja chake juu ya jicho langu la kushoto akanigeuza na kiti, akasema, "Tembea."

Shangazi, kushoto wapo. Walikuwepo hata kabla sijawagusa. Nyati hatokei hewani. Wewe ndiwe huoni kushoto, na barua zako zote zilikuwa zinaniambia, njia iwe nyeupe, nyasi ziwe njano, ndege weupe kabisa, na mimi nikawa nabadilisha rangi. Nilitia nyati na pundamilia mahali pa kukupeleka hospitali.

Sasa la kwangu, na hili ni baya zaidi. Ramani haitoki. Haitatoka Julai, haitatoka kamwe. Tarehe kumi na moja Aprili Bwana Lini aliniita ofisini, akaniambia wachezaji wa Bonde la Kale wamekuwa wachache na kampuni inaiondoa. Alikuwa na aibu, nakiri. Barua yangu ya Julai niliiandika tarehe kumi na tisa. Hesabu mwenyewe. Nilikuwa nimeshajua siku nane. Barua yako ya kusema utarudi kwa daktari ramani ikitoka nilikuwa nayo mfukoni, nilipoandika neno Julai ilikuwa mfukoni. Nilijiambia unatania. Nilijiambia nikiendelea kuifanyia kazi saa za chakula, watakapoona ilivyopendeza watabadili mawazo. Twiga sikumgusa. Kile kipande nilichokutumia kipo kwenye kompyuta mbili tu duniani, yako na yangu.

Sikutaka kuwa mtu mwingine anayekuahidi safari halafu gari linajaa wakubwa. Ndiyo sababu, na si sababu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe ulinifundisha. Nenda kesho. Usingoje barua yangu, usingoje kitu chochote kutoka kwangu. Macho yakitulia nitakupeleka porini mimi mwenyewe, hata kwa kukubeba. Nitapiga simu Jumapili. Tafadhali usikate.

Kiroboto


Kazini, 21 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Nimepiga Jumapili mbili. Jana nimepiga mara kumi na nne. Mwishoni fundi cherehani ndiye aliyepokea, nikasikia mashine nyuma yake. Akasema umesafiri, na kwamba umemwapisha asiniambie wapi. Nikamwuliza kama barua ya tarehe tatu uliipata. Akasema alikusomea yeye, ukamwambia aisome tena, na baada ya hapo ukamwomba akukunjie nguo. Baba naye anasema hajui lolote, na safari hii naamini, maana angekuwa anajua angekuwa ameshanisimulia.

Siwezi kukaa. Nimeanza kushuka ngazi za kazini na kuzipanda bila sababu. Nimeomba ruhusa, wamesema baada ya tarehe ishirini Julai. Nikiambiwa uko wapi nitakuja bila ruhusa.

Nitumie hata karatasi tupu yenye stempu.

Kiroboto


Nyumbani, 16 Julai

Mwanangu,

Hatujambo. Baba yako alijua jana. Amelia, akanigombeza, kisha akasema atakuja kulala hapa mpaka nipone, na nimemkubalia maana anapika vizuri kuliko mimi. Hii naiandika mwenyewe. Fundi ameniwekea rula juu ya karatasi, nikimaliza mstari anaisogeza. Anaapa hasomi. Anasoma, nasikia anavyopumua.

Nilikuwa hospitali mwezi mzima, nimerudi juzi. Macho yote mawili yamepasuliwa, moja baada ya jingine. Daktari ni kijana wa rika lako, mpole, ana tabia ya kubofyabofya kalamu kabla ya kusema. Alibofya, nikamwambia sema tu, mimi nimefanya kazi na maiti. Akasema la kushoto limekwenda, halirudi. La kulia limebaki na nafasi katikati, kama ninachungulia kwenye tundu la ufunguo. Kazi ya upasuaji ni kuzuia kisizidi kwenda, hicho kilichokwenda hakitafutwi. Nikamwuliza, "Ningekuja ile tarehe sita Aprili?" Akabofya kalamu tena. Nikamwambia huna haja ya kujibu.

Basi hesabu nimezipiga, nilikuwa na muda wa kutosha pale kitandani. Wiki za kwanza za kungoja ni zangu mwenyewe. Niliogopa kisu, nikajificha nyuma ya kuro. Ningekwambia kweli Machi ungeniburuta kwa nywele, najua, ndiyo maana sikukwambia. Lakini kuanzia tarehe kumi na tisa Aprili, Kiroboto, wiki hizo ni zako. Siku ile ulikuwa na barua yangu mfukoni. Ungeandika mstari mmoja, shangazi ramani haipo, ningesonya, ningekutukana wiki nzima, kisha ningekwenda hospitali kwa kukosa la kungoja. Jicho la kushoto wakati ule lilikuwa bado linaona mwanga wa dirisha.

Nakwambia haya bila kuyapunguza kwa sababu wewe ni mwanangu na si mgeni. Nina hasira. Nikiamka asubuhi ndiyo inayonitangulia, kabla hata sijakumbuka ni ya nini. Pale wodini nilikuwa nazunguka kitanda mpaka muuguzi akaniuliza natafuta nini. Nilimwambia namtafuta mpwa wa kumpiga. Akasema mtoto wa kaka si mpwa, ni mtoto. Nikamwambia hilo ndilo linaloniuma.

Bi Majani mpe salamu zangu. Mwambie yule aliyeweka kiganja kwenye jicho lako ndiye fundi, ninyi wengine wababaishaji. Bwana Lini sina neno naye, aliuliza swali lake akajibiwa uongo wa Mei. Ya kwenda porini tutayazungumza siku nyingine. Hivi sasa sitaki ahadi, hata ya sukari.

Kuna barua nyingi unaandika kichwani sasa hivi za kuniomba radhi. Usizitume. Kusamehe kwa posta sijui, na uso wako kwenye karatasi sijauona. Daktari anasema tundu hili huenda likakaa miaka, huenda likaziba, hakuna anayejua. Sijakusamehe. Njoo upesi, ruhusa au bila ruhusa, ukae mbele yangu, katikati kabisa, usitikisike, nikuone unavyoona haya wakati bado naweza.

Shangazi yako.